Kufuatilia Chipukizi wa Besiboli Katika Ligi Ndogo za Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila Aprili msimu unapofunguliwa, na hurudi tena Julai baada ya drafti (siku ambazo klabu huchagua vijana wapya kwa zamu). Yamepangwa kuanzia ya msingi. Anayejua tayari tofauti ya Double-A na Triple-A aruke moja kwa moja hadi sehemu ya takwimu.

## Mambo ya msingi

Ligi ndogo ni nini, na zina madaraja mangapi?

Ligi Kuu ya Besiboli (MLB) ina klabu 30. Kila klabu ina timu nne za chini zinazocheza msimu mzima, jumla 120: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A, kuanzia chini kwenda juu. Chini ya hizo zipo ligi za kambi, zinazochezwa kwenye viwanja vya mazoezi vya klabu, huko Arizona na Florida, na chini kabisa ipo ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika, ambako vijana wa miaka 17 huanza safari.

Kwa aliyezoea soka, tofauti kubwa ni hii: timu hizi hazipandi wala hazishuki daraja. Wanaopanda na kushuka ni wachezaji.

Mpangilio huu ulianza 2021. Kabla ya hapo timu zilikuwa 160, na miji kadhaa ilibaki bila timu, ukiwamo Lowell, Massachusetts, wenye Wakenya wengi, ambako timu ya Spinners ilikuwa chini ya Boston Red Sox. Leo mkazi wa huko akitaka kuona chipukizi wa Red Sox anaendesha gari hadi Worcester, kwenye timu yao ya Triple-A.

Mchezaji huingiaje huko?

Milango mikubwa ni miwili. Wa kwanza ni drafti ya Julai, kwa vijana wa Marekani, Kanada na Puerto Rico wanaotoka sekondari au chuo. Ina raundi 20 tangu 2021. Zamani zilikuwa 40 na zaidi. Asiyechaguliwa anaweza kusaini kama mchezaji huru.

Mlango wa pili ni wa vijana wa nchi nyingine. Dirisha lao hufunguliwa Januari 15, na kijana anaweza kusaini akiwa na miaka 16. Juan Soto alipita hapo: alisaini na Washington Nationals mwaka 2015, na Mei 20, 2018 alikuwa Ligi Kuu akiwa na miaka 19. Mwaka huohuo alikuwa ameanzia Single-A. Usimfanye Soto kipimo cha mtu mwingine yeyote.

Je, timu ya Double-A inacheza ili ishinde?

Wachezaji na mashabiki wanataka ushindi. Lakini mishahara ya wachezaji na makocha inalipwa na klabu ya Ligi Kuu, na klabu hiyo ndiyo inayoamua nani acheze wapi, arushe mipira mingapi na ajaribu nini. Ndiyo maana utaona mrushaji hajapigwa hata mpira mmoja katika iningi (vipindi) nne kati ya tisa za mechi, kisha anatolewa. Idadi yake ya mipira imefika, basi. Au mrushaji anarusha mpira ule mpya anaojifunza mara kumi na tano katika iningi mbili, unapigwa vibaya, na kocha wake anaondoka ameridhika.

Ukilielewa hili, maswali mengi yanayofuata yanajijibu. Chipukizi yuko kazini kujifunza jambo fulani, na ubao wa matokeo hauonyeshi ni jambo gani. Kazi ya anayemfuatilia ni kulitafuta.

Kuna Waafrika wa kufuatilia?

Wapo, na ni wachache. Aliyefungua njia ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyesaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 na kufika Ligi Kuu Aprili 26, 2017, wa kwanza aliyezaliwa barani Afrika. Mara yake ya kwanza kushika gongo huko aliupiga mpira wa mrushaji Jon Lester na kufika besi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vinne ambavyo mpigaji huvizunguka. Hesabu hiyo miaka: zaidi ya minane katika ligi ndogo. Wastani wake wa kupiga haukuwahi kumtisha mtu. Kilichombeba ni ulinzi wake uwanjani, na ulinzi hauonekani kwenye jedwali la kawaida la takwimu.

Afrika Mashariki, macho yako Uganda. Vijana wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, mwaka 2012, baada ya timu ya Uganda iliyofuzu 2011 kukosa viza. Miaka kumi baadaye Los Angeles Dodgers waliwasaini warushaji wawili Waganda, Umar Male na Ben Serunkuma, na David Matoma naye akasaini na Pirates. Jina la Dennis Kasumba, mdakaji ambaye video zake za mazoezi zilisambaa mtandaoni, huulizwa sana. Mwaka 2023 alicheza na Frederick Keys katika MLB Draft League, ligi ya maonyesho isiyo chini ya klabu yoyote ya Ligi Kuu, kwa hiyo hutampata ukitafuta kwenye timu zile 120.

Mechi zinachezwa saa ngapi kwa saa za Afrika Mashariki?

Wakati wa kiangazi pwani ya mashariki ya Marekani iko nyuma yetu kwa saa saba. Mechi ya Durham au Norfolk inayoanza saa 12:35 jioni kwao inaanza saa 7:35 usiku kwetu. Ya Jumanne kwao ni ya usiku wa kuamkia Jumatano hapa. Za pwani ya magharibi zinagonga alfajiri, saa 11 hivi.

Habari njema ni za Jumapili. Mechi nyingi za siku hiyo huanza mchana, yaani saa mbili usiku kwetu, na katikati ya wiki zipo za asubuhi zinazopangwa kwa ajili ya wanafunzi, ambazo kwetu ni jioni. Jumatatu karibu wote wanapumzika, kwa sababu tangu 2021 timu mbili hukutana kwa mechi sita mfululizo, Jumanne hadi Jumapili. Mechi sita dhidi ya watu walewale ni nzuri kwa anayefuatilia: ukifika Ijumaa, warushaji wameshajua udhaifu wa mpigaji wako, na unaona kama naye amejifunza.

## Kusoma takwimu

Anapiga .320. Ni mzuri?

Bado hatujui. (.320 ni wastani wa kupiga: mapigo 32 yaliyofanikiwa katika kila 100.) Uliza kwanza: ana miaka mingapi, yuko daraja gani, na anacheza uwanja gani?

Mpigaji wa miaka 24 anayepiga .320 Single-A anawapiga vijana wa miaka 20 waliotoka sekondari juzi. Mwenye miaka 19 anayepiga .255 Double-A anapambana na warushaji watu wazima wenye namna nne tofauti za kurusha mpira. Maskauti (wasaka vipaji wa klabu) wengi watamchukua wa pili bila kusita, na mimi pia.

Kisha uwanja. Ligi ya Pacific Coast ya Triple-A ina viwanja vya nyanda za juu kama Albuquerque na Reno. Albuquerque iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, mwinuko usio mbali sana na wa Nairobi, na hewa nyepesi huuachia mpira uende mbali. Mtu akipiga homurani (mapigo yanayovuka ukuta wa uwanja) 25 huko, kata kidogo kichwani kabla ya kushangilia. Nayo Florida State League, yenye joto zito na viwanja vikubwa, huwabana wapigaji.

Umri gani unafaa kwa daraja gani?

Kwa makadirio ya jumla: Single-A wengi wana miaka 20 au 21, High-A 22 hivi, Double-A 23 au 24, Triple-A 26 na kuendelea. Triple-A imejaa watu waliowahi kufika Ligi Kuu wakarudishwa, ndiyo maana umri unaruka.

Mtu aliye mdogo kuliko wastani kwa miaka miwili na bado anajimudu ni habari kubwa. Aliye mkubwa kwa miaka miwili anapaswa kuwatawala wenzake kabisa ili tuamke. Wanaotoka chuo huingia na miaka 21 au 22, kwa hiyo mchezaji wa chuo aliyebaki Single-A msimu wa pili ana maswali ya kujibu, isipokuwa kama aliumia.

Kama si wastani wa kupiga, niangalie nini kwa mpigaji?

Anza na straikauti. Mara ngapi katika kila 100 anatolewa bila kuugusa mpira vya kutosha? Ikizidi 30 Double-A, kengele inalia, hata kama homurani zinamiminika, kwa sababu juu warushaji ni wakali zaidi na namba hiyo mara nyingi hupanda. Kisha besi za bure, yaani mara anazoachia mipira mibaya ipite mpaka anapewa besi ya kwanza. Asilimia 10 ni nzuri. Anayetoka straikauti 28 High-A na kushuka hadi 21 Double-A amejifunza kitu, na hilo kwangu lina uzito kuliko wastani wowote.

Namba inayofupisha mambo ni wRC+, inayopima mchango wa mpigaji ikizingatia ligi yake. 100 ni wa kawaida wa ligi hiyo. 130 ni asilimia 30 juu yake. Haijui umri lakini. Umri utaongeza mwenyewe.

Wastani wa kupiga wenyewe unategemea sana bahati: mpira dhaifu unaangukia patupu, mpira mkali unaenda moja kwa moja mikononi mwa mlinzi. Kwa mwezi mmoja bahati inaweza kumfanya mtu wa kawaida aonekane nyota.

Na kwa mrushaji?

Usianze na ushindi na kushindwa. Kwa chipukizi anayetolewa baada ya iningi nne, ushindi hata hauwezekani, maana anayeanza mechi anahitaji iningi tano kuupata.

Chukua asilimia ya straikauti, toa asilimia ya besi za bure. Zaidi ya 20 ni bora sana. Halafu tafuta kasi. Mpira wa kasi wa kawaida Ligi Kuu siku hizi unakaribia maili 94 kwa saa, yaani kilomita 151. Kijana anayerusha maili 91 na kuwamaliza watu Single-A kwa ujanja anaweza kukwama Double-A, daraja ambalo wapigaji huacha kurukia mipira mibaya. Double-A ndiyo chujio halisi. Wengi waliokuwa wafalme huko chini hubaki hapo.

Jambo moja linalosahaulika: Triple-A hutumia mpira uleule wa Ligi Kuu, tangu 2019, wakati madaraja ya chini hutumia mwingine. Mpira unaopinda unaweza kubadili tabia mrushaji anapopanda, na homurani dhidi yake zikaongezeka ghafla. Mpe wiki kadhaa.

Nisubiri mechi ngapi kabla ya kuamua?

Inategemea unachopima. Asilimia ya straikauti ya mpigaji huanza kusema ukweli baada ya mara 60 hivi za kusimama na gongo, kama wiki mbili au tatu. Besi za bure huchukua mara mbili ya muda huo. Wastani wa kupiga msimu mzima hautoshi.

Kwa hiyo mwishoni mwa Aprili unaweza kuangalia straikauti, na mengine uyaache mpaka Juni.

Takwimu za kamera na rada zinapatikana kwa ligi ndogo?

Kwa sehemu. Statcast, mfumo unaopima kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo, mzunguko wa mpira wa mrushaji na mengineyo, umefunguliwa kwa umma kwa Florida State League tangu 2021 na Triple-A tangu 2023. Double-A na High-A klabu zinazo data hizo lakini hazitoi. Pengo hilo linaudhi, maana Double-A ndipo ambapo ungezihitaji zaidi.

Ukizipata, angalia kasi ya juu kabisa aliyowahi kupiga kabla ya kuangalia wastani. Mwili uliowahi kutoa maili 112 unaweza kuitoa tena.

## Maskauti na orodha

"50" na "60" kwenye ripoti zina maana gani?

Ni mizani ya 20 hadi 80. 50 ni mchezaji wa kawaida wa Ligi Kuu, si wa ligi ndogo. 60 ni juu ya kawaida, 70 ni nadra, 80 ni wachache kabisa duniani. Mpigaji hupimwa mambo matano: kupiga, nguvu, mbio, ulinzi na mkono wa kurushia.

Kila kipengele huwa na namba mbili, ya leo na inayotarajiwa. Kijana wa miaka 18 mwenye 20 leo na 55 inayotarajiwa katika kupiga si mbaya, ni mbichi. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo kazi iliyobaki, na ukiisoma ripoti ya mwaka huu kando ya ile ya mwaka jana utaona kama kazi inafanyika. Ripoti ambayo namba ya baadaye inashuka polepole huku ya leo haisogei ni dalili mbaya kuliko mwezi mbovu wowote.

Orodha ipi ya chipukizi 100 bora niiamini?

Hakuna moja. Baseball America ndiyo kongwe, MLB Pipeline ni ya ligi yenyewe, FanGraphs huandika kwa kina zaidi, Baseball Prospectus na Keith Law wa The Athletic wana misimamo yao. Soma mbili zinazopingana. Mmoja akimweka mchezaji wa 15 na mwingine wa 80, sababu ya tofauti hiyo, mara nyingi mashaka juu ya kupiga au ulinzi, inakufundisha kuliko cheo chenyewe.

Tofauti ya aliye wa 40 na aliye wa 75 ni ndogo sana. Usigombane na mtu juu yake.

Jina la mchezaji wangu limetoweka kwenye orodha. Ameporomoka?

Huenda amehitimu. Akivuka mara 130 rasmi za kupiga, au iningi 50 za kurusha, au siku 45 kwenye kikosi cha Ligi Kuu, hahesabiwi tena mgeni, yaani mchezaji mpya wa Ligi Kuu, na huondolewa. Angalia takwimu zake za Ligi Kuu kabla ya kuhuzunika.

## Kupanda na kushuka

Safari huchukua miaka mingapi?

Aliyetoka chuo, miwili au mitatu. Aliyetoka sekondari, mitatu hadi mitano. Aliyesaini na miaka 16 huko Dominika au Venezuela, mara nyingi mitano au zaidi. Paul Skenes alichaguliwa wa kwanza Julai 2023 na Mei 11, 2024 akarusha mechi yake ya kwanza Pittsburgh, lakini huyo alitoka chuoni akirusha maili 100. Wengi hawafiki kabisa.

Anafanya vizuri Triple-A. Kwa nini hapandishwi?

Sababu za kawaida ni tatu, na zote zinaweza kuwepo kwa pamoja.

Kwanza, huenda kuna kitu hakionekani kwenye takwimu: ulinzi, au mpira wa tatu wa mrushaji. Pili, nafasi. Klabu ina orodha ya wachezaji 40 wanaolindwa, na kumwingiza mmoja ni kumtoa mwingine ambaye klabu nyingine inaweza kumchukua.

Tatu ni pesa, na hapa mashabiki hukasirika kwa haki. Mchezaji huwa huru baada ya miaka sita ya utumishi Ligi Kuu, na mwaka mmoja huhesabiwa kwa siku 172. Mwaka 2015 Chicago Cubs walimwacha Kris Bryant Triple-A mpaka Aprili 17. Akamaliza msimu na siku 171, akashinda tuzo ya mgeni bora, na Cubs wakabaki naye mwaka mmoja zaidi. Malalamiko ya Bryant yalikataliwa 2020.

Makubaliano ya 2022 kati ya klabu na wachezaji yalijaribu kuziba tundu hilo. Anayemaliza katika nafasi mbili za juu za kura za mgeni bora hupewa mwaka kamili hata kama alichelewa kupandishwa, na Skenes alinufaika hivyo. Klabu inayompandisha chipukizi wa juu tangu mwanzo wa msimu inaweza kuzawadiwa nafasi ya ziada ya drafti, kama Seattle Mariners walivyoipata kwa Julio Rodríguez. Ujanja umepungua. Haujaisha.

Alipandishwa, akarudishwa. Amekwisha?

Hapana. Mike Trout alipanda Julai 2011 akiwa na miaka 19, akapiga .220 katika mechi 40. Alianza 2012 Triple-A, akarudi mwishoni mwa Aprili, na kufikia mwisho wa msimu alikuwa mgeni bora wa ligi yake.

Mfano wa karibuni ni Jackson Holliday wa Baltimore Orioles, wa kwanza katika drafti ya 2022 na wa kwanza kwenye orodha za chipukizi mwanzoni mwa 2024. Alipanda Aprili 10, akapiga mara 2 tu katika 34, na baada ya wiki mbili na ushei alikuwa amerudi Norfolk, timu ya Triple-A ya Orioles. Waliosoma straikauti zake 18 katika siku hizo waliona mahali hasa palipovuja. Alirudi Julai 31 na siku hiyohiyo akapiga homurani besi zote zikiwa na watu.

Kisheria, mchezaji aliye kwenye orodha ya 40 anaweza kushushwa na kupandishwa kwa misimu mitatu. Ikiisha, hashushwi bila klabu nyingine kupewa nafasi ya kumchukua. Kwa hiyo jua amebakiwa na misimu mingapi. Aliyebakiwa na sifuri mwezi Machi yuko kwenye hatari kuliko takwimu zake zinavyoonyesha.

Rule 5 ni nini, na kwa nini Novemba kila mtu huiongelea?

Ni kinga dhidi ya klabu kuficha vipaji. Aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini, baada ya misimu mitano, na aliyesaini na 19 au zaidi, baada ya minne, lazima awekwe kwenye orodha ya 40. Asipowekwa, klabu nyingine inaweza kumchukua Desemba kwa dola 100,000, kwa sharti kwamba abaki kwenye kikosi cha Ligi Kuu msimu mzima unaofuata, la sivyo arudishwe alikotoka kwa nusu ya bei.

Roberto Clemente alichukuliwa hivi na Pirates kutoka kwa Dodgers mwaka 1954. Novemba, basi, ni mwezi wa kujua klabu inamthamini nani kweli. Sifa za makocha kwenye magazeti ni za bure. Nafasi kwenye orodha ya 40 ina gharama.

## Hali zisizo za kawaida

Ameumia kiwiko na atafanyiwa upasuaji wa Tommy John. Nifanye nini?

Subiri miezi 12 hadi 18. Akirudi, kasi hurudi mapema kuliko uwezo wa kuuelekeza mpira, kwa hiyo besi za bure nyingi katika miezi ya kwanza si za kutisha. Tahadhari ni kasi ambayo haijarudi baada ya miaka miwili. Kumbuka pia kuangalia msimu wake wa Rule 5 (tazama jibu lililotangulia): kuna waliochukuliwa wakiwa bado kwenye matibabu.

Kwa nini nyota wa Ligi Kuu yuko kwenye takwimu za Single-A?

Anajipima baada ya majeraha. Mpigaji anaruhusiwa siku 20 hivi, mrushaji 30. Chipukizi wako akimpiga mrushaji wa namna hiyo, furahi kidogo tu: mtu huyo anahesabu mipira, hatafuti ushindi.

Amebadilishwa nafasi. Ni adhabu?

Mara nyingi ni fursa. Jacob deGrom alikuwa shotistopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu) chuoni kabla ya kuchaguliwa raundi ya tisa mwaka 2010 kama mrushaji. Kenley Jansen alikuwa mdakaji wa Dodgers katika ligi ndogo mpaka 2009. Wa kuangaliwa kwa wasiwasi ni shotistopu anayehamishiwa besi ya kwanza akiwa na miaka 21. Hapo gongo lake sasa lazima libebe kila kitu.

Mechi za Oktoba na Novemba zina maana?

Arizona Fall League, iliyoanza 1992, ina timu sita tu zinazokusanya chipukizi wa klabu zote. Wapigaji hung'aa kwa sababu warushaji wazuri huwa wamechoka na hawatumwi. Ifuatilie kwa ripoti za maskauti, usiifuatilie kwa wastani. Majira ya baridi wengine huenda kucheza Dominika au Venezuela, ambako watu wanacheza kushinda kwelikweli na kijana akikosea anakalishwa benchi kesho yake.

Aliyechaguliwa wa kwanza anaweza kufeli kabisa?

Brien Taylor, wa kwanza mwaka 1991, aliumia bega katika ugomvi na hakufika Ligi Kuu. Upande wa pili yupo Albert Pujols, raundi ya 13 mwaka 1999, na Mike Piazza, raundi ya 62 mwaka 1988, ambaye leo yuko Hall of Fame. Njia ya Piazza haipo tena kwa kuwa raundi zimekatwa. Mtu kama yeye leo angesaini bila kuchaguliwa, kwa hiyo usiwapuuze walioingia hivyo.

Wanalipwa kiasi gani?

Mkataba wa kwanza wa pamoja wa wachezaji wa ligi ndogo, wa 2023, uliweka kima cha chini cha dola 35,800 kwa mwaka Triple-A, 30,250 Double-A, na 19,800 kwenye ligi za kambi. Kima cha chini Ligi Kuu mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Siku 20 tu huko juu zinazidi mshahara wa mwaka mzima wa Triple-A.

Ameachwa na klabu. Nifute jina lake?

Angalia kwanza kama ameachwa au mkataba wake umeisha. Asiyewekwa kwenye orodha ya 40 baada ya misimu sita au saba, kutegemea umri aliosaini, huwa huru mwezi Novemba na anaweza kusaini kwingine wiki hiyohiyo, mara nyingi na klabu yenye upungufu kwenye nafasi yake. Aliyeachwa katikati ya msimu mtafute kwenye Ligi ya Mexico au ligi huru kama Atlantic League. Takwimu zake za huko haziunganishwi na zile za ligi ndogo kwenye kurasa nyingi, kwa hiyo huonekana kama ametoweka.

Mark Appel, wa kwanza katika drafti ya 2013, aliacha besiboli 2018. Akarudi 2021, na Juni 2022 akarusha iningi yake ya kwanza Ligi Kuu na Philadelphia Phillies, bila kuruhusu pointi, akiwa na miaka 30.